Kumfuata Masika Kasenyi kwa Gari Jekundu

Tangu nirudi, mtu akija dukani kwangu kununua misumari, hanunui kwanza. Anaegemea meza, anatazama nje pale gari lilipozoea kusimama, kisha anauliza kwa sauti ya chini kama anayeulizia mgonjwa: ilikuwaje? Nimesimulia hadi midomo imekauka, na kila mmoja anaondoka na habari bila msumari hata mmoja. Basi nimeandika. Asomaye asome, akimaliza anunue kitu.

Kwa msionijua, mimi ni Kasereka, mtoto wa Butembo niliyehamia Bunia na wazazi. Nauza vifaa vya ujenzi hapa Nyakasanza: misumari, bawaba, rangi, na mabati ambayo sisi huyaita manjanja. Mke wangu ni Masika. Gari lilikuwa jekundu, fupi, la milango miwili, la mbio, lililozaliwa zamani sana kabla ya ndoa yetu. Nililinunua kwa mfanyabiashara wa dhahabu wa Nizi. Aliponipa ufunguo alinipa kwa mikono miwili, akanishukuru kuliko inavyostahili, akaondoka bila kugeuka nyuma. Lakini wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi siku ile nilikuwa nacheka peke yangu barabarani.

Watu husema gari kuukuu ni rahisi. Kulinunua ni rahisi, ndiyo, kama vile kumkaribisha mgeni ni rahisi. Hesabu inaanza anapokaa. Gari langu lilikuwa na tabia ya kuugua sehemu moja, na ukishaiponya, sehemu ya jirani inaugua kwa wivu. Radiateri ilikula televisheni. Breki zilikula baiskeli na suti yangu ya arusi. Sanduku la gia, lililotoka Kampala likiwa limefungwa katika gunia la maharagwe, lilikula manjanja niliyokuwa nimeyaweka kando kwa ajili ya paa la jikoni. Kwa hiyo mimi, muuza manjanja, mke wangu alikuwa anapika chini ya mwavuli.

Siku moja mvua ilikuja na upepo, mwavuli ukageuka, maji yakaingia katika maharagwe yaliyokuwa yakichemka tangu asubuhi, na moto ukazimika. Mimi wakati huo nilikuwa nje nalifunika gari kwa turubai. Masika alisimama mlangoni akatazama chungu, akatazama turubai. Mvua ilipokatika alifunga mzigo wake, akapanda pikipiki, akaenda kwa wazazi wake Kasenyi, kule ziwani, ambako baba yake alikuwa dereva wa malori ya samaki mpaka uzee ulipomkalisha.

Kwetu mke akirudi kwao, mume hamalizi jambo kwa simu. Anamfuata. Anakwenda na mbuzi wa kuwaomba radhi wakwe, na anakwenda na mtu mzima wa ukoo wa kumsemea, kwa sababu mwenye kosa hana mdomo. Kutoka Bunia hadi Kasenyi, pikipiki inafika kabla njaa haijauma vizuri. Mimi niliamua kwenda na gari. Nilitaka wakwe waone kwa macho yao kwamba kile wanachokiita mkebe kinatembea. Niliona hiyo ni hoja nzuri. Hakuna aliyeniambia kwamba ilikuwa sawa na kwenda kuomba radhi kwa kuvunja sahani huku umebeba sahani nyingine zilizovunjika.

Kwa kweli, waliniambia. Sikusikia.

NYAKASANZA, KUONDOKA

Msemaji wangu alikuwa baba mdogo Katembo, mdogo wake marehemu baba. Alikuja amevaa koti na kofia, na fimbo ambayo haimsaidii kutembea, inamsaidia kusema. Aliangalia viti viwili vya gari, akamwangalia mbuzi, akahesabu kwa macho.

"Kasereka," akasema, "siye tunaenda kuomba bibi. Juu ya nini tusiende na moto?"

Kwetu moto ni pikipiki, na alizionyesha kwa fimbo, zikiwa zimepangwa pale njia panda zikingoja abiria.

"Motokari iko muzima, baba mudogo. Jana niliwasha mara moja tu, ikalia."

"Hata mugonjwa wa kufa analiaka."

Hata hivyo aliingia. Mbuzi akakaa juu ya magoti yake, kichwa nje ya dirisha. Majirani wa Nyakasanza walikuja kusukuma bila kuitwa, maana hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yao ya asubuhi. Injini ilishika karibu na mama anayeuza mandazi. Alifunga mandazi katika karatasi, akampa baba mdogo dirishani, akasema, "Musalimie Masika, kama mutafika."

Usukani ulikuwa upande wa kulia, kwa sababu gari lilitoka Uganda, na sisi huku tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake ni kwamba ukitaka kulipita lori, wewe dereva huoni kitu ila majani ya kando. Anayeona ni abiria. Baba mdogo haoni vizuri mbali, na kwa hiyo mbuzi ndiye aliyekuwa anaona vizuri kuliko sote. Tulipolifikia lori la kwanza, nikauliza, "Njia iko?" Akasema, "Iko." Kisha akasema, "Ngoja, haiko." Tulikaa nyuma ya lori hilo tukila vumbi lake pamoja na mandazi, na ndivyo tulivyotoka mjini.

KIZUIZINI

Gari hilo lina taa za kujificha. Ukizima zinalala ndani ya bodi, ukiwasha zinainuka kama macho ya chura. Kwa miaka ya karibuni lilikuwa likiamua lenyewe. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa, la kulia likawa linafunguka na kufunga wakati wowote linapopenda.

Tulisimama kizuizini. Askari mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi na mke wake, ambaye alikuwa amemletea chakula, bugali na sombe, yaani kisamvu. Gari lilimtazama yule mama, likafunga jicho, likafungua, likafunga tena.

Askari aliweka tonge chini. "Chofere, motokari yako inakonyeza bibi yangu."

"Inagonjwa, chef. Haikonyeze mutu."

"Mbona inamuangalia yeye tu?"

Bahati nzuri mama yule alikuwa anacheka mpaka machozi, na mumewe alipoona anacheka akaanza naye. Ubaya ni kwamba alitaka wenzake waone. Akawaita wote, mmoja baada ya mwingine, nami ikanibidi niliwashe jicho kwa kila mmoja. Mmoja alitaka kujua kama mbuzi ndiye anayelikonyezesha. Tulipewa bugali tukala. Chakula kilikuwa kizuri, na baba mdogo, aliyekuwa ameanza kununa, alinyanyua kofia kwa mara ya kwanza. Tulipotaka kuondoka, betri ilikuwa imekwisha kwa kukonyeza.

Wale askari walitusukuma wenyewe, wakiimba wimbo wa mazoezi. Sijawahi kusukumwa vizuri namna ile.

KABLA YA BOGORO

Mahali ambapo barabara inapanda na mashamba ya mahindi yanaanza kuwa mengi, kitu kilipasuka ndani ya injini kwa mlio wa mjeledi. Mshale wa joto ukapanda. Nilifungua boneti, nikaona mkanda wa injini, ule mafundi wetu wanaouita kuruya, umekatika na kujiviringa pembeni kama nyoka aliyekanyagwa.

Tulikaa. Pikipiki zilipita, kila dereva akipunguza mwendo na kutuuliza kama tunakwenda Kasenyi. Baba mdogo aliniangalia kila zilipopita. Mimi niliangalia kuruya.

Ndipo ikaja kwaya. Walikuwa watu wa kanisa moja la Bogoro, wanarudi kwa miguu kutoka kuimba kijiji cha jirani, wanawake kwa wanaume, wamevaa vitenge vya aina moja. Waliona mzee aliyevaa koti amekaa juani na mbuzi, wakahuzunika. Hawakuuliza mengi. Walishika gari pande zote na kuanza kusukuma, na kwa kuwa ni kwaya, hawawezi kusukuma kimya. Waliimba kwa sauti nne.

Sasa jaribu kuona walichokiona watu wa Bogoro. Gari jekundu la mbio linaingia kijijini polepole sana. Mbele na nyuma yake kwaya yenye sare inaimba. Ndani yake mzee mwenye kofia, na mtu mwenye shati jeupe, ambaye ni mimi. Wanawake waliacha majembe wakaanza vigelegele. Watu walitoka majumbani. Mmoja alikuja na maua, sijui aliyakata wapi upesi hivyo, akayaingiza katika kioo cha mbele. Mama mmoja mnene mwenye unga mikononi aliinama dirishani, akatafuta ndani kwa macho, akaona mbuzi.

"Hongera, bwana arusi," akasema. "Na bibi arusi iko wapi?"

Kwaya ilinyamaza ili isikie. Nilitaka kusema jambo la busara. Nilichosema ni, "Aliniacha."

Nilivyolisema neno hilo kwa sauti, mbele ya watu nisiowajua, ndipo lilipoingia moyoni. Mpaka hapo nilikuwa na gari bovu tu. Pale Bogoro, na maua kwenye kioo, nilielewa kwamba naweza kufika Kasenyi na kurudi peke yangu.

BOGORO

Yule mama mwenye unga aliitwa Mama Bahati, mwenye mashine ya kusaga. Alitupokea kwake jioni hiyo kwa huruma yote ambayo mtu huwa nayo kwa bwana arusi aliyeachwa siku ya arusi, na tulipomweleza kwamba mke nilikuwa naye tangu zamani, huruma ikapungua lakini chakula kilikuwa kimekwisha kuiva. Tulikula bugali laini na maharagwe yaliyotiwa samli, na maziwa mazito ya kuganda. Maharagwe yale yalinishinda kumeza, kwa sababu mnazozijua.

"Alienda juu ya nini?" Mama Bahati akauliza.

"Juu ya mvua," nikasema.

Baba mdogo alikohoa.

Asubuhi Mama Bahati alichungulia ndani ya injini, akaenda kwenye mashine yake, akarudi na mkanda wa akiba. Tuliupima. Ulikuwa haukutengenezwa kwa ajili ya gari la mbio, ulitengenezwa kwa ajili ya mihogo mikavu, lakini kwa kulegeza hiki na kusogeza kile uliweza kukaa.

"Nipatie bei, mama," nikasema.

"Kuruya hiyo inatoka Bunia. Ile ya mashine ikikatika kesho, hapa hakuna mutu atakula bugali." Akamtazama mbuzi, ambaye alikuwa anakula maua ya arusi yetu. "Mbuzi."

Baba mdogo alinivuta kando. Mwaka wote sijamwona na hasira namna ile.

"Sikia, mutoto. Moto zinapita hapa. Tutaacha motokari kwa huyu mama, tutaenda na mbuzi, saa sita tuko tunakula samaki. Mbuzi njo ulimi yangu. Bila mbuzi nitasema na nini? Mukono mutupu haulambwi."

Alisema kweli tupu, na kila neno nililisikia. Nataka mjue kwamba sikuwa kiziwi. Lakini nililiangalia gari. Alfajiri ilikuwa imelilowesha umande, likang'aa, na jicho moja lilikuwa wazi. Nikawaza kwamba nikiliacha hapo, wakwe watasema: tulijua, ule mkebe haufiki. Mtu ambaye amekwisha kulisha gari televisheni na paa anaona mbuzi ni kitu kidogo. Ndivyo gari kuukuu linavyokufilisi: kila siku linaomba kitu kimoja tu, na kitu hicho ni kidogo kuliko vile ulivyokwisha kutoa.

Nikamfungua mbuzi, nikamkabidhi Mama Bahati kamba.

Baba mdogo aliingia ndani ya gari, akaweka fimbo mahali pa mbuzi.

MTEREMKONI

Kutoka Bogoro barabara inatambaa, kisha inafika ukingoni na kuanguka kuelekea ziwa. Ziwa unaliona chini, jeupe kwa jua, na joto linapanda kukupokea. Kuruya ya mashine ya kusaga ililia tangu tulipowasha. Haikulia kama gari. Ililia kama nguruwe anayepelekwa asikotaka, na watoto wa njiani walikimbia kuona tumembeba wapi.

Breki, ambazo mtakumbuka zilikula suti yangu ya arusi, zilianza kunuka kwenye kona ya pili. Nilishusha gia. Sanduku la gia, nalo, lilikataa gia ya chini kabisa, likasema hiyo haikuwa katika mapatano. Tulishuka tukisimama mara kwa mara kuweka mawe chini ya magurudumu na kungoja vyuma vipoe. Baba mdogo ndiye aliyeweka mawe. Kila jiwe aliliweka kwa heshima, kama anayeweka jiwe la msingi, na kila mara alisema, "Moto ile imepita tena."

Wachuuzi wa samaki waliokuwa wanapanda na pikipiki, vikapu vya samaki wa chumvi nyuma, walitusalimu wakipanda. Baadaye baadhi yao walitukuta wakishuka. Mmoja alisimama akatupa samaki mkavu, akasema anatuhurumia, akaenda. Tulimla pale pale juu ya boneti. Ilikuwa na joto la kutosha kumchoma.

KASENYI

Tuliingia Kasenyi na mvuke mbele, moshi nyuma na nguruwe katikati. Mama mkwe alikuwa anageuza samaki kwenye vichanja. Aliponiona alijifunika kitenge kichwani akaingia ndani, kwa sababu kwetu mkwe mwanaume na mama mkwe hawakabiliani uso kwa uso. Nilimshukuru Mungu kwa desturi hiyo. Uso wake sikutaka kuuona.

Baba mkwe alitoka. Kabla ya salamu alilizunguka gari. Alipiga gurudumu kwa mguu, akapitisha kidole juu ya rangi, akaweka kiganja kwenye boneti na kukiondoa upesi.

"Inakimbiaka sana?" akauliza.

"Sana, papa," nikasema.

"Munatoka Bunia saa ngapi?"

"Jana."

Tulikalishwa sebuleni. Tuliletewa maji, na maji tu, kwa kuwa chakula huja baada ya maneno. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya kapiteni, yaani sangara, anayekaangwa, na kupitia mlango niliona jiko lenyewe. Lilikuwa na paa zuri. Masika akaja akakaa kwenye mkeka karibu na pazia, na nyuma ya pazia tulijua yuko mama yake. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa mzuri kuliko nilivyokumbuka, na sikumtazama tena, niliogopa kwamba macho yataonekana.

Baba mdogo alisimama, akajiegemeza kwenye fimbo. "Bakwe, tumekuya. Mutoto wenu alikimbia moshi. Lakini fasi kuko moshi kuko jiko, na fasi kuko jiko kuko nyumba."

"Alikimbia mvua," baba mkwe akasema.

"Alikimbia mvua," baba mdogo akakubali. "Na mvua ni baraka."

"Mbuzi iko wapi?"

Baba mdogo ni msemaji mkubwa. Amewahi kuozesha watu kwa maneno tu. Nilimwona akitafuta. "Mbuzi iko njiani," akasema.

"Inakuya na miguu?"

Kapiteni alikuwa analia katika mafuta. Masika akainua mkono.

"Baba, nipatie ruhusa niulize yeye mwenyewe." Baba yake akatikisa kichwa kukubali. "Kasereka. Ile mbuzi ulifanya nayo nini?"

Mwenye kosa hana mdomo, lakini akiulizwa anapewa wa kuazima. "Nilipatia mama mumoja wa Bogoro."

"Juu ya nini?"

"Kuruya."

"Kuruya ya nini?"

Wote walijua. Hata samaki waliokuwa nje walijua. "Ya gari," nikasema.

Nyuma ya pazia mama mkwe alisonya, msonyo mrefu usio na mwisho.

"Moto zilikuwa zinapita?" Masika akauliza.

"Zilikuwa zinapita."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliniangalia kama mtu anayeangalia dawa iliyoshindwa, na nikaona kwamba safari nzima nilikuwa nimemletea jibu la swali alilokuwa nalo tangu siku ya maharagwe.

Baba mkwe alikaa sawasawa. Siku ya mahari, kwetu, mzazi humuuliza binti mbele ya watu kama mali hiyo iliwe au isiliwe, na binti akikataa, hakuna ndoa. Siku ya kurudishwa anaulizwa vilevile. "Mutoto yangu, bamekuya. Tukule ao tusikule?"

"Mutakula nini, baba? Mbuzi haiko. Mbuzi iliingia mu gari. Televizio iliingia mu gari. Manjanja ya jiko yangu iliingia mu gari." Akageuka kwangu. "Basi mukule gari. Mukikula gari, mi narudia ku bwana yangu leo hii. Mukikatala, ama yeye akikatala, nabaki hapa kwa mama."

Baba mkwe alinyoosha mkono upesi mno kwa mzee wa heshima zake.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika. Siwadanganyi, uliniuma. Nililipenda lile gari kwa upumbavu mtupu, nililipenda asubuhi linapokataa kuwaka na jioni linapokubali, nililipenda kwa sababu katika maisha yangu ya misumari na bawaba lilikuwa kitu pekee ambacho hakikuwa na kazi. Kisha nikamwona Masika anatazama mkono wangu ulio mfukoni, na shingoni mwake mshipa unapiga. Kumbe hata yeye alikuwa anaogopa. Hakuwa na hakika nitachagua nini.

Nikatoa ufunguo. Chakula kikaja.

KURUDI

Tulirudi kwa pikipiki mbili. Baba mdogo peke yake kwenye moja, ameshika kofia, anacheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Sisi kwenye nyingine: dereva, mimi katikati, Masika nyuma. Mkono wake ulinishika kiunoni. Haikuwa mapenzi, barabara ilikuwa na mashimo. Lakini barabara iliponyooka haukutoka.

Mlima uliotuua wakati wa kushuka tuliupanda tukizungumza. Pale Bogoro, Mama Bahati alitoka mashineni na unga wake, akamwona Masika, akapiga makofi.

"Kumbe bibi arusi alikuwa upande ule," akasema.

Masika akaniuliza ana maana gani. Nikamwambia ni habari ndefu. Mbuzi alikuwa amefungwa kando anatafuna pumba za mahindi, amenawiri. Sikumsalimia.

Kesho yake nilitoa manjanja dukani kwangu mwenyewe, nikapanda juu ya jikoni na nyundo. Wateja watatu walikuja wakinitaka, nikawaambia wangoje. Jioni tulikula maharagwe makavu, maana yake yasiyo na mvua, na Masika aliniongezea bila kuombwa.

NYAKASANZA TENA

Hapo ningemaliza, kama gari kuukuu lingekuwa kitu kinachomalizika.

Juzi pikipiki ilisimama mbele ya nyumba, akashuka mama mkwe na mzigo uliofungwa kitenge. Nilikimbilia nyuma ya nyumba kwa heshima. Nilimsikia akimwambia binti yake:

"Mutoto yangu, ile kitu mulitupatia inakula. Imekula radio. Imekula nyavu mupya. Jana niliona baba yako anaangalia sufuria yangu kubwa, anaipima na macho. Nikasema, hapa hapana."

Masika alibandika maji ya kuoga ya mama yake. Tangu hapo nyumba yetu ya vyumba viwili ina mama mkwe ambaye sipaswi kumtazama, kwa hiyo naingia kwangu nikikohoa kwanza, natoka nikiangalia chini, na nakula barazani mgongo ukiwa mlangoni. Jirani wanadhani nimefukuzwa. Gari liko Kasenyi, nami huku Bunia bado nalilipia.

Jana baba mkwe alinipigia simu. Desturi ni desturi: mke akiondoka, mume anamfuata, na mbuzi, na msemaji. Sauti yake ilikuwa ya unyenyekevu, sauti ambayo niliijua.

"Kasereka, mutoto yangu, niko nakuya kutafuta mama yenu. Niambie kitu. Ile gari, ukitaka ipande mulima ya Bogoro, unaifanyaka nini?"

Nilitazama mlango. Nilikuwa najua jibu. Kuna namna ya kuishika gia ya pili kwa goti, na kuna mahali pa kumwaga maji. Lakini nilimfikiria mbuzi.

"Papa," nikasema, "kuya na moto."

Nikasikia ile kuruya ya Mama Bahati ikilia kama nguruwe nyuma yake, injini ikiwa inangoja.

"Na weye," akasema kwa upole, "juu ya nini hukukuya na moto?"

Nilihamishia simu sikio la pili. Aliniambia basi atang'oka Jumamosi, na gari, na mbuzi atakaa mbele.

Nikamweleza Masika kwamba baba yake anakuja Jumamosi kumchukua mama, na kwamba anakuja na gari. Alifikiri kidogo, akachukua kikapu, akaenda sokoni kumnunulia mama yake godoro.